Nafasi Moja ya Umeme

Tangazo la chuo lilisomwa kanisani baada ya ibada, katikati ya tangazo la ndoa na lile la mbuzi aliyepotea. Mwinjilisti alisoma kwamba chuo cha ufundi cha Same mjini kingefungua milango Jumamosi, vijana na wazazi waende kuona karakana na kuzungumza na walimu, na kwamba hata walioishia darasa la saba wangepokelewa. Aliposoma maneno hayo ya mwisho, watu wawili watatu wa benchi la mbele waligeuka wakanitazama. Nikainamia kitabu cha nyimbo kana kwamba natafuta wimbo, na nyimbo zilikuwa zimeshakwisha.

Rafiki yangu alikuwa upande wa kwaya, kwenye sauti ya nne. Yeye alitazamwa pia, lakini aliwachekea waliomtazama. Kwao ni nyumba iliyo chini ya yetu, mteremko mmoja tu, na ukikohoa kwetu usiku wao husikia. Tulianza shule siku moja, tukamaliza siku moja, na majina ya waliochaguliwa kwenda sekondari yalipobandikwa hatukuwamo wote wawili. Baada ya hapo kila mmoja alishika jembe la baba yake. Tofauti yetu ilikuwa kwenye kusema. Yeye alisema na kila mtu, mimi hata kusalimia watu wengi kwa pamoja kulinitoa jasho. Mama yake alikuwa akisema kwamba Mungu aliandaa maneno ya watoto wawili, halafu kwa haraka akayamimina yote kwa mmoja.

Mama huyo ndiye aliyetusukuma kwenda. Wakati ule nguzo za umeme zilikuwa zimefika huku kwetu milimani, lakini mtu akitaka kuvuta waya ndani ya nyumba alimngoja fundi kutoka Same, na fundi alikuja alipojisikia. Watu walikaa na nguzo mlangoni na kibatari ndani. Jioni ile ile ya tangazo alipanda kwetu, akakaa jikoni na mama yangu, akaniita.

"Nendeni mkajifunze huo umeme," alisema. "Huyu wangu atazungumza na wateja, wewe utafanya kazi."

Mama yangu alicheka. Mimi nilisema ndiyo, mama, nikatoka nje. Nilikuwa nimeshaamua tangu kanisani, ila sikuwa nimemwambia mtu.

Jumamosi tulishuka na gari la alfajiri. Kwetu asubuhi ni baridi na ukungu, kwa hiyo tulivaa makoti, na tulipofika Same jua lilikuwa limeshawaka na makoti hayakuwa na mahali pa kwenda zaidi ya mabegani mwetu. Chuoni kulikuwa na vijana wengi wa mjini na wa tambarare, wengine kutoka Bendera na vijiji vya huko chini, wote wamevaa fulana. Msichana mmoja aliyekuwa akionyesha wageni njia alitutazama kutoka juu hadi chini.

"Ninyi wa milimani," alisema, "huko kwenu kuna barafu?"

"Barafu hakuna dada," rafiki yangu akamjibu. "Kuna adabu. Shikamoo."

Msichana alikuwa rika letu. Wenzake wakamcheka, naye akacheka, na tangu hapo akatutembeza mwenyewe. Tuliona mahali wanapochomelea vyuma, tukaona vyerehani vimepangwa kama madawati, tukaona gari lililofunguliwa tumbo. Mwisho tukafika karakana ya umeme. Ukutani palikuwa na mbao zenye waya, swichi na taa, na mwalimu, mtu mfupi mwenye sauti ya chini, alikuwa akionyesha jinsi ya kuunganisha taa moja iwashwe kwa swichi mbili, kama ya kwenye ngazi. Alifunga, akafungua kila kitu, kisha akauliza nani atajaribu.

Hakuna aliyetoka. Rafiki yangu akanisukuma mgongoni, nikajikuta mbele. Sikumbuki watu walisema nini. Nakumbuka waya mikononi, na kwamba mikono haikutetemeka, jambo lililonishangaza mwenyewe. Nilifuata tu yale niliyoyaona. Taa ikawaka. Nikaizima kwa swichi ya pili, nikaiwasha tena kwa ile ya kwanza.

Mwalimu aliniuliza nilifundishwa wapi. Nikamwambia hapa, sasa hivi. Akawageukia wengine, akasema, "Huyu anasikia kwa macho."

Nimeyakumbuka maneno hayo mara nyingi kuliko ninavyopenda. Kabla hatujaondoka mwalimu alitueleza taratibu. Kuandikishwa kungekuwa baada ya wiki nzima kupita, Jumatatu, siku moja tu. Kila kijana aje mwenyewe, na mzazi au mlezi wake. Umeme una nafasi chache na wanaoutaka ni wengi, kwa hiyo atakayechelewa asimlaumu mtu. Alitutazama sisi wawili na makoti yetu, akasema, "Msikose."

Wiki ile kwetu ilikuwa kama ya kuelekea sikukuu. Mama yangu alitoa sandukuni shuka mbili ambazo hazijawahi kutandikwa. Baba, ambaye si mtu wa maneno, na nadhani kwake ndiko nilikorithi, alipitia karatasi zangu za shule, akazikunja upya vizuri zaidi. Shambani alinionyesha matuta ambayo angeyaacha yapumzike kwa kuwa sitakuwepo. Hakusema kwamba amefurahi. Alisema, "Haya maharage ya huku nitayaweza peke yangu," na mimi nikaelewa.

Jumapili, siku moja kabla ya kuandikishwa, mama wa rafiki yangu alikwenda kukata majani ya ng'ombe baada ya ibada. Akarudi bila majani. Aliketi kwenye ngazi ya nyumba yake akasema kifua kinambana, akaomba maji. Wakatafuta gari la kumshusha hospitali, na gari lilipopatikana ikawa halina kazi tena. Nilikuwa kwetu juu, nikasikia binti yao akilia, na baada ya muda nikasikia kengele ya kanisa, ile ya polepole.

Kwetu kengele hiyo ikilia majembe huwekwa chini. Hakuna anayelima mpaka aliyekufa azikwe. Wanawake huenda kukaa na wafiwa, wazee hupanga, na vijana ndio wa kuni, maji, mabenchi na kaburi. Kijana mwenye nguvu haonekani barabarani na begi siku ya msiba wa jirani. Hakuna aliyeandika sheria hiyo mahali. Mtu huzaliwa akaikuta.

Mazishi yalipangwa Jumanne, kwa kuwa watoto wengine wa marehemu walikuwa mbali, ilibidi wangojwe. Kwa hiyo Jumatatu alfajiri, gari lilipopiga honi kule juu kuita abiria, mimi nilikuwa kwenye uwanja wa kwao na shoka, napasua kuni. Baba alikuwa ndani na wazee. Yeye ni mwenyekiti wa jumuiya yetu, msiba wowote wa majirani huanzia mikononi mwake. Tangu jana hakuna aliyekuwa ametaja chuo, si yeye, si mama, si mimi.

Rafiki yangu alitoka akaja kusimama karibu na kuni. Macho yalikuwa yamemvimba.

"Leo ndiyo siku," alisema.

"Najua."

"Ungekwenda wewe."

"Ningepitia wapi?"

Barabara ya kwenda kwenye gari hupita mbele ya uwanja wao. Alitazama barabara, akatazama watu waliojaa uwanjani, akachukua shoka la pili. Tukapasua kuni pamoja, ingawa mfiwa hapaswi kufanya kazi, na hakuna aliyemkataza. Gari likapita na honi yake. Sikulitazama.

Jumanne tulichimba kaburi tangu asubuhi. Udongo wa pale una mawe, tulipokezana. Tukamzika mchana. Mwinjilisti alisema mengi mazuri juu yake, na yote yalikuwa kweli, lakini hakuna aliyetaja jinsi alivyokuwa akicheka, nami nikaona huo ni upungufu mkubwa.

Baada ya watu kula, ukoo ulikaa kikao. Kwa kawaida yetu watoto wa marehemu hawatoki nyumbani mpaka matanga yaanuliwe, na matanga yangeanuliwa baada ya siku kadhaa. Vijana hatukai kwenye vikao hivyo, lakini nilikuwa nikipokea vikombe, nikasikia. Mzee mmoja wa ukoo wao alikuwa akisema mtoto wa mwisho hawezi kutoka kaburi la mama yake likiwa bichi, watu watasemaje. Wengine wakaitikia. Ndipo baba yangu akasimama. Sikuwahi kumwona akisimama kusema jambo ambalo hakuulizwa.

"Mama yake alitaka asome," alisema. "Siku ya kuandikishwa imepita, lakini tukienda kesho tunaweza kuwaomba. Nipeni mtoto huyu kesho. Nitakwenda naye Same kama ninavyokwenda na wangu. Akikosa, nimekosa mimi."

Baba wa rafiki yangu, ambaye siku nzima hakuwa amefungua mdomo, alinyanyua kichwa akasema, "Nakuachia." Hayo tu. Jioni ile walimnyoa rafiki yangu nywele, kama wafiwa wanavyonyolewa matanga yakianuliwa, ila yeye mapema, kabla ya ndugu zake, ili awe ametimiza sehemu yake.

Jumatano tulishuka watatu. Rafiki yangu alivaa kofia kuficha kichwa kilichonyolewa, na mimi nilikaa katikati yake na baba.

Chuoni uwanja ulikuwa mtupu, tofauti na siku ile. Tulimkuta mwalimu wa umeme ofisini na karatasi zake. Aliponiona alinikumbuka kabla sijasalimia.

"Wewe ulikuwa wapi?" aliuliza. "Nilikutafuta juzi siku nzima."

Baba alieleza yote, polepole, kofia yake mkononi. Mwalimu alimpa pole rafiki yangu, akampa pole baba, akasema kwa kweli nafasi zimejaa, na fani nyingine zote zimejaa, watu wamelala mlangoni. Baba akasema anaelewa, ila ameomba tu mwalimu aone la kufanya. Mwalimu akakuna shingo, akatoka kwenda kumwona mkuu wa chuo. Tulikaa kwenye benchi. Baba alishika magoti yake kwa mikono miwili. Nilijua anasali.

Mwalimu alirudi na nusu ya jibu. Kijana mmoja aliyeandikishwa umeme alikuwa ameomba kuhamia ufundi wa magari, na huko walikuwa tayari kumpenyeza ingawa wamejaa. Kwa hiyo ilikuwapo nafasi moja. Ya pili haikuwapo, hata angeomba vipi.

"Mzee," alisema, "mimi kama ningeulizwa, ningemchukua huyu." Akaninyooshea kidole. "Huyu mwingine ajaribu mwakani. Huyu wa kwanza niliiona kazi yake. Mkono wake unajua."

Nilimtazama baba. Tungeweza kuzungumza kwa Kipare na mwalimu asingeelewa, alikuwa mtu wa kutoka mbali. Baba angeweza kuniuliza lolote kwa lugha ya nyumbani, nami ningeweza kumjibu. Hakunitazama. Alikuwa akitazama meza.

"Mwandike huyu mwingine," alisema.

"Mwanao ni yupi kati yao?"

"Wote ni wangu."

"Naelewa, mzee. Nauliza uliyemzaa."

"Mwalimu," baba alisema, "mwandike huyu aliyenyolewa."

Rafiki yangu akasimama. "Baba, hapana, hii ni ya..." Baba alimshika mkono akamkalisha, bila nguvu, kama mtu anavyomkalisha mgonjwa. Mwalimu alikuwa ameshika kalamu lakini haandiki. Akanigeukia mimi.

"Na wewe kijana unasemaje?"

Nimewahi kuulizwa maswali mengi ambayo sikuyajibu, lakini hilo nililijibu. Nilisema, "Ni sawa."

Mwalimu aliendelea kunitazama kidogo, kama siku ile aliponiuliza nilifundishwa wapi. Kisha akainama, akaandika jina la rafiki yangu. Baba akatia sahihi kwenye sehemu ya mlezi, taratibu, herufi moja moja. Mwalimu alipotusindikiza mlangoni aliniambia nije mwakani mapema, ataniwekea. Wakati ule tuliamini wote, yeye pia aliamini. Mwaka uliofuata utaratibu ulibadilika, umeme wakataka waliomaliza kidato cha nne.

Tulipofika nyumbani, baba wa rafiki yangu alikuwa ameketi pale pale kwenye ngazi, watu wa matanga wamemzunguka. Akauliza kama tumefanikiwa. Baba akamwambia mtoto wake ameandikwa. Yule mzee akasema ashukuriwe Mungu, kisha akauliza, "Wote?"

Rafiki yangu alivua kofia akaingia ndani. Yule mzee alitutazama, baba kisha mimi, akaelewa, akainuka. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili na hakuuachia. Sikujua nifanye nini na mkono ule. Watu wazima hawatushiki hivyo sisi vijana.

Mama hakuuliza chochote, habari ilikuwa imepanda mlima kabla yetu. Nilimkuta akikunja zile shuka. Alizirudisha sandukuni, na baada ya muda mfupi akazitoa tena. Akasema wenzetu hawana mama wa kuwafikiria mambo ya shuka sasa hivi, akaniambia nizipeleke kule chini pamoja na ndoo mpya. Nikazipeleka.

Siku rafiki yangu alipoondoka nilimbebea godoro hadi kwenye gari. Yeye alibeba ndoo na begi. Alijaribu kuzungumza njia nzima, juu ya kwaya, juu ya ng'ombe wao, juu ya yule msichana wa barafu na kama atamkuta. Nilimjibu nilipoweza. Karibu na gari akasema kila atakachofundishwa atakuja kunifundisha mimi likizo.

"Utasahau," nikamwambia.

"Sitasahau. Wewe unajua sitasahau."

Kweli hakusahau. Likizo ya kwanza alikuja na madaftari, tukakaa kwetu jioni, akanieleza mpaka sauti ikamkauka. Niliyaelewa mengi. Lakini mtu hapewi kazi ya umeme kwa sababu rafiki yake alimweleza jikoni, na sote wawili tulilijua hilo, na likizo iliyofuata tulizungumza mambo mengine.

Siku hiyo ya kuondoka, kondakta alifunga godoro juu ya gari, rafiki yangu akaingia, gari likashuka kuelekea Same. Nilibaki barabarani mpaka lilipopita kona ya kwanza. Nilipogeuka sikurudi nyumbani. Nilipitiliza shambani, kwa kuwa nilijua baba yuko huko, kwenye yale matuta ya maharage aliyosema atayaweza peke yake. Jembe langu alikuwa amelibeba. Lilikuwa limelazwa mwanzoni mwa tuta la pili, likinisubiri.

Tulipalilia. Ukungu ulikuwa ukipanda kutoka bondeni na kupotea juu ya vichwa vyetu. Baba alikuwa mbele yangu kidogo, kwenye tuta lake. Akasema bila kugeuka.

"Umemsindikiza?"

"Nimemsindikiza."

"Haya."

Tukaendelea. Nilidhani yameisha. Kisha akasimama, akaegemea mpini.

"Siku ile nilikungoja useme," alisema.

"Niseme nini, baba?"

"Useme unaitaka. Mwalimu alikuuliza. Ungesema, ningelivunja neno langu."

"Ndiyo maana sikusema."

Nilimjibu hivyo, na mpaka leo sijui kama ni kweli. Huenda ndiyo sababu. Huenda pia maneno hayakuja tu, kama ambavyo hayajawahi kuja watu wakinitazama. Lakini kwa baba yangu lilikuwa jibu, na nilimwona likimwingia. Mabega yalishuka. Alirudi kwenye tuta lake akaanza kupalilia tena, kwa haraka kuliko kawaida yake.

Baba hulima kwa mstari ulionyooka, watu humsifu. Asubuhi ile jembe lake lilikuwa likiingia kwenye maharage. Lilikata mche mmoja, hatua chache mbele likakata mwingine, na yeye aliendelea tu, hakuona. Nikaliacha tuta langu nikamfuata kwa nyuma. Niliokota miche aliyoikata, nikaifukia chini ya majani tuliyopalilia, ili akigeuka asiione.